Mpigo Mkavu

Mdogo wangu Chiriku,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema kwamba mwandishi ni mzima wa afya na hofu yake ni kwa yule aliye mbali. Nikianza hivyo nitakuwa nimesema uongo mara mbili katika mstari mmoja. Mimi si mzima, na kwako sina hofu, maana wifi ananiarifu kwamba unakula, unalala, unapanda ngazi bila kushika ukuta, na unagombana na jirani kuhusu maji yanayotiririka uani kwenu. Mtu mwenye nguvu za kugombana hajambo. Basi pokea salamu zangu, na za wapwa zako, na za muuguzi anayekuja asubuhi kunigeuza ubavu huu na huu kama gunia la mkaa. Mfikishie wifi salamu za pekee. Na yule mjukuu wako mwenye pengo, ambaye nasikia amechaguliwa kuimba peke yake mbele ya shule nzima, mwambie bibi yake wa mbali anamtakia asitetemeke.

Nakuandikia kwa sababu simu huitaki, na hata ungeitaka usingesikia kitu. Halafu sauti yangu mimi imebaki mnong'ono. Muuguzi huinamisha sikio mpaka mdomoni mwangu, kisha huniuliza tena nimesema nini. Kalamu ndiyo bado inanitii, ingawa mistari inashuka kuelekea kulia kama ngazi. Utavumilia.

Nimekatazwa kuandika. Daktari kaniambia nipumzike. Nikamuuliza napumzika ili kesho nikafanye nini, akatazama viatu vyake. Binti yangu naye kasema kufukua mambo ya kale hakumfai mtu, nami nikamwomba atoke na aurudishie mlango. Yote niliyoyafanya maishani yenye maana niliyafanya baada ya kukatazwa, sioni sababu ya kubadilika sasa.

Sababu ya barua hii ni barua ya wifi. Ameniandikia kwamba kile kifaa cha kusikia nilichokutumia bado kiko kwenye droo, ndani ya boksi lake, pamoja na wenzake niliowatuma miaka ya nyuma. Siku zote nilidhani ni maringo tu, kwamba hutaki kuonekana mzee. Safari hii wifi amenieleza ulichomjibu alipokubana. Ulimwambia kwamba uliwakosesha kazi watu wa ukumbi mzima wa kiwanda na ukaiharibu kazi ya maisha ya dada yako kwa mpigo mmoja, na mtu aliyefanya hayo kwa mikono yake hana haki ya kudai masikio yake. Wifi anasema ulilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Nilipolisoma nilishikwa na hasira ambayo sijaijua tangu nistaafu. Nilikukasirikia wewe kwanza, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Nikaketi kitandani bila kushikwa mkono. Muuguzi akafurahi, akadhani napona.

Basi soma mpaka mwisho, usiruke. Nitaanza na yale tunayoyajua wote wawili, ili uone vizuri mahali ambapo unayoyajua wewe yanaishia.

Unaukumbuka ukumbi wa nyundo kuliko mimi. Tanuri kule mwisho, nyundo zimesimama mstari mmoja kama majitu yanayosubiri zamu, na wewe kwenye nyundo namba tatu, mguu kwenye kanyagio, koleo mkononi, chuma chekundu kikigeuzwa chini ya pigo. Kelele ya feni za tanuri ilikuwa kama mvua, mtu aliizoea akaisahau. Nyundo haikuwa kelele, ilikuwa kofi. Kila mpigo ulikuwa kofi jipya, na hakuna anayezoea kupigwa kofi. Wanaume wa ukumbi ule walikuwa wakifika kwao wanafungulia redio mpaka mtaa mzima unajua habari za dunia bila kumiliki redio. Walizungumza na wake zao kwa kupiga kelele, na wageni wakadhani kila nyumba ina ugomvi.

Mimi nikaja na boksi langu la kunyamazisha kelele. Mlinicheka sana siku ile, na mimi nilistahili, kwa viatu vyangu vyeupe na maneno yangu ya chuo. Niliwaeleza kwamba kinasa sauti kimoja kitafungwa kwenye nyundo ili kiupate mpigo mapema, kabla haujafika masikioni. Boksi litakokotoa sauti ya kuupinga, iliyo kinyume chake kabisa. Spika zilizo karibu na kichwa zitaitoa. Na hizo mbili zikikutana zitamalizana. Kinasa kingine kidogo kitakaa kando ya sikio, kisikilize kilichobaki, kirudi kuliambia boksi limekosea kiasi gani ili lijirekebishe. Yule mama wa winchi, aliyekuwa akicheka mpaka minyororo inatikisika, akasema kwamba amekwisha kuelewa, boksi hili kazi yake ni kubishia kila linalosemwa, na kwamba anaye wa namna hiyo nyumbani. Ndipo likapata jina, Mbishi. Fundi mmoja akauliza kama naweza kumtengenezea jingine la kumfunga mama mkwe wake. Mama wa winchi akamjibu kwamba litaungua siku ya kwanza kwa kumsikiliza yeye mwenyewe.

Kwa feni Mbishi alijifunza upesi kama mtoto mwerevu. Kwa nyundo alikuwa mwendawazimu. Wewe ndiwe uliyekuwa ukikaa kwenye kiti cha majaribio, kwa hiyo hili unalijua, lakini acha nilieleze sawasawa kwa sababu kila kitu kimesimama juu yake. Mbishi hujifunza kutokana na kosa lake. Kosa likiwa dogo hujirekebisha kidogo, likiwa kubwa hujirekebisha sana. Sasa kofi la nyundo ni kubwa kupita kila kitu kilicholitangulia. Alikuwa akilichukua lote kama somo, anapindua yote aliyojifunza, na mpigo unaofuata unamkuta anabishana na kitu ambacho hakipo. Hapo huanza kupiga mluzi, mluzi unakuwa yowe, na mimi nakimbilia swichi huku ninyi mkinizomea.

Ujana wangu uliliwa na tatizo hilo. Mabingwa wenzangu waliliandikia kurasa na kurasa za algoriti, nami nikaziandika zangu, na mwisho wake dawa ilikuwa mstari mmoja. Unaweka alama. Kosa lolote linalovuka alama ile unalikata, unamfundishia Mbishi kiasi cha alama tu. Humwambii kwamba hakuna kilichotokea. Ameusikia mpigo, anajua ulikuwa mkubwa. Ila humruhusu kwa mpigo mmoja atupe yote aliyokwisha kujifunza. Niliuita mstari ule kikomo. Siku tuliyoujaribu ulikaa kitini, kichwa katikati ya spika, ukapigiwa nyundo, ukaniambia kwamba ni kama mtu ameihamishia nyundo jengo la jirani. Kisha ukaongea bila kupumua mpaka zamu ikaisha, Chiriku yule yule wa utotoni, na mimi nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuipata tena hata siku walizonipigia makofi.

Ndipo akaingia Meneja.

Mkaguzi wa kazi alikuwa anakuja kupima kelele, na zikizidi kiwango nyundo zingesimamishwa. Alama yake ya kupimia ilikuwa imepakwa sakafuni kwa rangi ya njano, hatua chache nyuma ya nyundo yako. Meneja aliniita ofisini kwake, kule kwenye zulia na mlango uliojazwa sufi, mahali pekee kiwandani ambapo mtu angesikia saa ya mkononi. Alinikaribisha chai kwanza. Kisha akasema kwamba kwa kuwa ukimya wa Mbishi unaweza kuwekwa popote, basi niuweke kwenye alama ya njano.

Nilimweleza kwamba ukimya wa Mbishi si blanketi, ni kofia. Unatosha kichwa kimoja. Ukiuweka kwenye alama, atakayeuvaa ni kipimo cha mkaguzi, na masikio ya wanaume yatabaki na yale yale, pengine na zaidi. Akanijibu kwamba ndivyo hasa anavyotaka, kwa sababu masikio hayaandiki ripoti. Nikamwambia sifanyi. Hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba kijana mwingine wa chuo atafanya, na mradi wangu utakwenda kukaa stoo, halafu akauliza, kama anayekumbuka jambo dogo, kama si kweli kwamba ndugu yangu naye yuko kwenye nyundo.

Watu walinena kwamba nilitoka mle ofisini nikilia. Sikulia. Nilikuwa nanoa kisu.

Nikakubali. Hilo unalijua, kwa sababu ulikuja kwangu ukasimama sebuleni mbele ya wanangu, ukasema kwamba nimeyauza masikio yako kwa kiti cha ofisini, na kwamba kuanzia siku ile alama ya njano ndiyo iwe ndugu yangu, nikiumwa ije kunitazama. Lilikuwa tusi zuri. Ulipokwisha kuondoka nililicheka, kisha nikaacha kucheka. Ningeweza kukufuata barabarani nikakuambia ninachokusudia, lakini wewe, mdogo wangu, hukuwahi kuitunza siri tangu tunyonyeshwe. Lililoingia kwako kwa sikio lilikuwa linatokea mdomoni kabla halijaketi. Nikakuacha uende na hasira zako.

Siku ya ukaguzi Meneja alikuwa amepanga kila kitu: chuma kilichoiva mpaka kulainika, nyundo inyanyuliwe nusu tu, na mkono mpole kuliko yote. Mkono huo ulikuwa wa yule mzee wa nyundo namba moja tuliyemwita Babu, ambaye siku hiyo angesimama kwenye nyundo yako. Asubuhi ile mgongo ukamkamata, na Meneja akakunyooshea kidole wewe. Mimi nililijua hilo nilipokuona unafunga aproni. Ulinitazama kama mtu anavyotazama ukuta.

Haya sasa ndiyo unayoyakumbuka, maana umenisimulia kwenye kila barua. Ulipiga mipigo kadhaa, yote mizuri. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kama paka. Meneja alikuwa ameanza kutabasamu. Kisha mkono ukakuteleza, chuma kikaruka kutoka kwenye koleo, na mguu ulikuwa umekwisha kukanyaga. Nyundo ikashuka kwenye fuawe tupu. Mpigo mkavu, chuma juu ya chuma, aibu ambayo mtu wa nyundo haitaji mbele ya watoto wake. Mbishi akapiga yowe. Spika zikatoa moshi. Mkaguzi akaangusha kalamu, akashika masikio, na yowe lilipokatwa akauliza kitu gani kile kimelia, na kama kuna mashine inayotengeneza ukimya hapa aliposimama, kwa nini iwe hapa. Akang'oa kipimo chake kwenye kiguu, akakibeba mpaka pale uliposimama wewe, akaomba apigiwe nyundo moja zaidi, ya kawaida, nusu kimo.

Nyundo hiyo ndiyo iliyoufunga ukumbi.

Ulifukuzwa kabla hujavua aproni. Wenzako wakakaa majumbani mpaka vibanda vya kuwakinga na kelele vilipojengwa, na kwa kuwa walihitaji mtu wa kumlaumu, wakakupa jina la ule mpigo. Mpigo Mkavu anapita. Mpigo Mkavu kaja kununua sukari. Ukahama mji ukaenda kukaa kwa akina wifi. Na kutoka kule, wewe uliyekuja kunitukana, ukaniandikia kuniomba msamaha. Uliandika kwamba hata kama nilikosea, Mbishi alikuwa kazi yangu ya miaka, na mkono wako ndio uliomuua mbele ya watu. Kila mwaka unapokwisha inakuja barua yenye maneno hayo hayo. Na mimi kila mwaka nilikujibu kwamba yamepita, mpenzi, usijisumbue.

Hilo neno yamepita ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kuyaandika. Sasa nalifuta.

Asubuhi ile, kabla walinzi hawajamaliza chai, niliingia ukumbini peke yangu, nikafungua programu ya Mbishi na kufuta mstari mmoja. Niliufuta ule ule ulionila ujana. Nilikitoa kikomo. Nilijua kwamba bila kikomo Mbishi hahitaji mpigo mkavu wala mtu kuteleza. Mipigo ya kawaida, hata ya nusu kimo, ingemtia wazimu baada ya muda mfupi, na angepiga yowe mkaguzi akiwa amesimama hapo hapo kwenye uongo wetu. Nilikusudia hivyo. Nilitaka uongo ule ujipigie kelele wenyewe, kwa sababu mimi ningesema kwa mdomo, Meneja angenikanusha na kijana wa chuo angeitwa.

Nilipokuona umevaa aproni nilikuwa nimesimama kando ya boksi. Nafasi ya kuurudisha mstari nilikuwa nayo. Nilikutazama, nikawatazama wale wengine wote waliopangwa ukutani na pamba masikioni, nikauacha ulivyo.

Halafu kuna hili, na hili ndilo lililonifanya nikatae dawa ya usingizi jana ili niliandike nikiwa macho. Masikio yangu wakati ule yalikuwa mazima, yako yalikuwa yamekwisha kuliwa. Mimi nilimsikia Mbishi akianza. Alianza baada ya mpigo uliotangulia ule mkavu, mluzi mwembamba, kama birika linalofikiria kuchemka. Ukapanda. Spika zilikuwa kwenye alama ya njano, hatua chache nyuma ya shingo yako. Nikakuona unageuza kichwa. Umeniandikia mara nyingi kwamba hujui kilichokufanya ugeuke, kwamba kitu kilikupita sikioni kama mbu, na kwamba mwanamume mzima kugeuzwa na mbu ni kichekesho. Mdogo wangu, mbu yule alikuwa wangu. Chuma kiliruka kwa sababu uligeuka; uligeuka kwa sababu Mbishi alikuwa amekwisha kupata wazimu; na wazimu ule niliutia mimi kwa kidole hiki kinachoshika kalamu. Umelishika jambo hili kinyume maisha yako yote. Si mpigo wako uliomharibu Mbishi. Mbishi alikuwa ameharibika, ndiye aliyekupotezea mpigo.

Soma tena hapo kama unahitaji, nakusubiri.

Umemaliza? Basi jua kwamba kuhusu mstari ule siombi msamaha. Asubuhi ile ikirudi na mikono hii ikiweza, nitaufuta tena, na nitawahi zaidi. Waliokuja baada yenu katika ukumbi ule wanakwenda kwao jioni na kusikia mvua ikinyesha. Wana vibanda, wana Mbishi aliyewekwa mahali ambapo pana vichwa, kikomo chake kimo. Nimeambiwa aliyeko kwenye nyundo namba tatu leo huimba akiwa kazini, na huimba vibaya, na wenzake wanalalamika. Hebu fikiria, ukumbi wa nyundo ambao watu wanalalamikia uimbaji! Meneja angepata ripoti yake safi na mngeendelea kupigwa makofi mpaka wa mwisho wenu. Anayetaka kuniita msaliti wa mashine yangu mwenyewe na aniite. Niliiunda mimi, nilikuwa na haki ya kuifanya iseme kweli mara moja.

Kukunyamazia wewe ni jambo jingine. Mwanzoni palikuwa na sababu. Ingejulikana kwamba nimeichezea mashine, Meneja angesema ukaguzi umevurugwa, amri ya mkaguzi ingetenguliwa. Nikasubiri vibanda vijengwe. Vikajengwa, watu wakarudi kazini, na hapo ndipo nilipotakiwa kupanda gari nikaja kwako. Sikuja. Walikuwa wameanza kunipigia makofi. Wakanifanya mkuu wa idara, nikaalikwa huku na huku kueleza habari za kikomo, na kila ukumbi ulikuwa umejaa watu, wala wewe hukuwamo. Nikazoea. Hapo sina utetezi, na sitautafuta. Hapo ndipo pa kunigombeza, na usinihurumie kwa kuwa niko kitandani.

Ila na wewe nina lako. Mkono wako ulipiga mipigo mizuri isiyohesabika. Ulimfundisha kazi kila aliyepita kwenye nyundo ile. Kisha ukachukua mpigo mmoja, ambao hata haukuwa wako, ukauacha upindue yote, ukauacha ukwambie wewe ni nani, na ukajihukumu uziwi. Boksi la nyaya lilijifunza kutofanya hivyo. Sikuhubirii, nakusema kama dada mkubwa, na nikiwa na nguvu ningekuja kukusema mlangoni kwako, majirani wakisikia.

Maelezo haya haya nimempelekea mkuu wa kiwanda wa sasa, na jina langu chini. Nimewapelekea pia wastaafu wenzako, ambao bado wanakutana chini ya uenyekiti wa Babu na mgongo wake, na bado wanamtaja Mpigo Mkavu wakitaka kucheka. Nimewaambia jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Wakilitaka walilete hapa kitandani. Binti yangu anaogopa watakuja kuninyang'anya ile ngao ya heshima iliyoko ukutani. Nimemwambia aishushe mwenyewe, inakusanya vumbi tu.

Sasa fungua droo. Kitoe kile kifaa. Mle ndani, katika mwili wake mdogo kama punje ya haragwe, amekaa mjukuu wa Mbishi. Nilimhoji mtengenezaji mpaka akachoka: kikomo kimo. Sahani ikianguka, mlango ukibamizwa, kitakata kofi lile lisikufikie lote. Siku za kwanza kila kitu kitalia kama bati na sauti yako utadhani ni ya mtu mwingine, vumilia. Kivae ndani, kisha uani, kisha nenda ukakae kiti cha mbele shuleni umsikilize yule mwenye pengo. Ukimaliza hapo, panda gari uje.

Usichelewe sana. Sikutishi. Ni kwamba muuguzi ameanza kusema nami kwa utamu, hanigombezi tena nikikataa uji, na mimi si mtoto, najua maana yake. Nimewaambia wasinifungie madirisha. Nje wanavunja jengo, nyundo zao zinapiga tangu asubuhi, na kila anayekuja anataka kunikinga na kelele. Nawakatalia. Nazisikiliza nikisubiri hatua zako.

Mpe mkono wifi, mwambie ahsante kwa kutonificha. Wabusu wajukuu. Jirani wa maji usimsamehe mpaka arekebishe mfereji.

Na uje umevaa. Sauti yangu ni mnong'ono, nimekwisha kukuambia. Ukija bila kifaa utaona midomo yangu inacheza, utadhani dada yako anaomba radhi. Si radhi tu. Utakuwa umenitukana vizuri, kama siku ile sebuleni, nami nitakuwa nakujibu.

Nataka usikie ninavyojibu.

Ni mimi dada yako,
ambaye bado anabisha.